Kutu ya Gobore: Historia ya Majimaji Kutoka Meza ya Rangi

Chama chetu kilipoamua kuigiza tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mimi nilipewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kutengeneza silaha. Waigizaji walikwisha kupatikana na maleba yalikuwa yakishonwa, lakini bunduki hazikuwepo. Tulihitaji magobore matatu ya wapiganaji, bunduki mbili za askari wa serikali ya Kijerumani, na mikuki minne. Fedha iliyokuwepo ilitosha mbao, bomba la plastiki na makopo machache ya rangi.

Nilichonga kwa wiki mbili. Mitutu ilikuwa ya bomba, vitako vya plaiwudi iliyogundishwa tabaka tatu. Nilipomaliza, nikazipulizia zote rangi ya fedha, zikang'aa kama sahani za harusi. Siku ya mazoezi nikazipanga mezani kwa fahari. Mama mmoja mwenyeji wa upande wa Kilwa, ambaye huja kutusaidia katika matamshi, akachukua moja, akaigeuza huku na huku, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii imetoka dukani leo asubuhi?" Akatueleza kwamba babu yake alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe shambani, nalo halikuwahi kung'aa namna ile hata siku moja. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Gobore la mpiganaji wa mwaka 1905 lilitoka wapi? Lilikuwa limeishi miaka mingapi? Lilipita mikononi mwa nani?

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwenu wasomaji. Nilidhani nina kazi ya rangi tu. Nikaja kugundua kwamba huwezi kupaka kutu mahali pake bila kuijua historia, na kwamba kutu ikikaa mahali pake inabadilisha namna tunavyowaelewa watu waliopigana vita ile.

Silaha za uongo si jambo la jana

Kwanza niseme kwamba ufundi huu ni wa kale. Mwaka 1598, hapa Uingereza, Philip Henslowe aliyemiliki jumba la maonyesho jijini London aliorodhesha mali ya kundi la waigizaji lililofanya kazi kwake. Katika orodha hiyo mna ngao nne za mbao, shoka la mbao, na shoka la ngozi. Kwa hiyo tangu enzi za Shakespeare watazamaji wamekuwa wakitishwa kwa mbao na ngozi, na hakuna aliyelalamika kwamba amedanganywa. Mtazamaji anajua kuwa chuma cha jukwaani si chuma. Anachotaka kujua ni nani anakishika na kimetoka wapi. Hapo ndipo rangi yangu ya fedha iliposhindwa: ilisema "chuma", basi, haikusema neno jingine lolote.

Gobore lilitoka wapi

Gobore, au gobori kama wengine wasemavyo, ni bunduki inayoshindiliwa kwa mbele. Mpigaji humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia risasi na kitambaa, akashindilia kwa mdeki. Za zamani zaidi ziliwashwa kwa jiwe linalotoa cheche, ndizo bunduki za gumegume. Zilizofuata ziliwashwa kwa fataki, kikofia kidogo cha shaba kinachovikwa juu ya kifa na kugongwa na mtambo.

Silaha hizi ziliingia kwetu kwa wingi katika karne ya 19 kupitia Unguja na bandari za mrima, zikapanda bara na misafara. Kwa upande wa kusini, njia kubwa ilikuwa ile ya Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa, njia ya pembe za ndovu na, kwa masikitiko yetu, njia ya watumwa. Nyingi zilitoka katika karakana za Birmingham na za Liège, Ubelgiji, miji iliyojulikana kwa kutengeneza bunduki za bei rahisi za biashara. Nyingine zilikuwa za kijeshi. Majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kushindiliwa kwa mbele na kuchukua zinazojazwa kwa nyuma, bunduki za zamani zilihitaji mnunuzi, na mnunuzi akapatikana Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina hupita kuingia bara kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo gobore la mwaka 1905 halikuwa kitu kigeni wala kipya. Huenda lilikuwa na miaka 40 au 60. Huenda lilibebwa kwanza na askari wa Ulaya, kisha likakaa ghalani, likavuka bahari, likauzwa kwa pembe, likawindia tembo, likarithiwa, na mwisho likabaki la kulinda mahindi dhidi ya nguruwe.

Mkataba wa 1890 na bunduki ya 1871

Mtu anaweza kuuliza: kama bunduki zilikuwa zikiingia kwa maelfu, kwa nini mwaka 1905 wapiganaji wengi walikuwa na mikuki, mishale na magobore ya kizamani? Sehemu kubwa ya jibu iko Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana huko yalitia sahihi mkataba uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu kuhusu silaha. Katika eneo pana la Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, uingizaji wa bunduki za kisasa na risasi zake ulipigwa marufuku isipokuwa kwa matumizi ya serikali na kwa vibali maalumu. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango kwa masharti.

Tusibishe: biashara ya watumwa ilikuwa uovu, na bunduki ziliilisha. Lakini tutazame pia matokeo mengine ya sahihi zile. Mwafrika aliachiwa bunduki ya babu yake, na serikali za kikoloni zikabaki na za kisasa.

Askari wa Kijerumani, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, walibeba Mauser ya mwaka 1871. Jambo la kushangaza ni kwamba hata hiyo ilikuwa mtumba. Jeshi lenyewe kule Ujerumani lilikwisha kuhamia bunduki mpya zaidi za baruti isiyo na moshi tangu 1888. Hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa mno. Askari aliyefunzwa vizuri sana angeweza kupiga gobore mara mbili au tatu kwa dakika, na shabaha yake haikutegemewa kupita mita mia moja hivi. Mauser ilitiwa risasi kwa nyuma, moja baada ya nyingine, bila kusimama wala kushindilia, na iliua kwa umbali wa mita mia kadhaa. Juu ya hayo palikuwa na bombomu, bunduki ya mashine.

Vita yenyewe wengi wetu tunaijua. Kulikuwa na kodi ya nyumba iliyoanza 1898, maakida wakali, na mashamba ya pamoja ya pamba ambayo Gavana von Götzen aliyaanzisha mwaka 1902, watu wakalazimishwa kuyalima kwa malipo yasiyofaa kutajwa. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Hussein alimbadilisha jina kidogo katika tamthilia yake, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ikiwa changa. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge, bombomu zikawafyeka. Vita ikaendelea hadi 1907, na Wajerumani walichoma vyakula na mashamba mpaka njaa ikamaliza kazi ya risasi. Hesabu ya serikali ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Kupaka uzee

Nikarudi mezani na maarifa hayo. Nitaeleza hatua kwa hatua, maana mwakani mwingine atapewa kazi hii.

Hatua ya kwanza ni kuificha mbao. Chuma hakina mishipa ya mti, na jicho la mtazamaji huiona mishipa hata chini ya rangi tatu. Nilichanganya gundi ya mbao na unga wa msumeno, nikaziba kila mfuo, nikapiga msasa mkavu hadi kidole kisikwame. Bomba la plastiki nalo lilipigwa msasa, kwani rangi haishiki juu ya plastiki laini.

Hatua ya pili ni rangi nyeusi isiyong'aa kila mahali panapotakiwa kuwa chuma. Watu wengi huanza na rangi ya fedha kisha wakaichafua. Ni afadhali kuanza na giza na kuutoa mwanga humo, kwa sababu chuma cha zamani ni cheusi au cha kahawia, na mng'ao wake huonekana sehemu chache tu. Rangi ilipokauka nilisugua unga wa penseli kwa kitambaa. Unga huo huipa rangi nyeusi ule weupe hafifu wa chuma ambao hakuna kopo la fedha linaloweza kuutoa.

Hatua ya tatu ni mng'ao. Chovya brashi katika rangi ya fedha, kisha ipanguse kwenye karatasi mpaka uone kama haina kitu tena. Ndipo uipitishe kwa wepesi juu ya kingo. Kidogo kinachobaki hushika penye ukingo tu. Lakini ukingo upi? Hapa ndipo historia ilipoanza kunifundisha. Nilijiwekea kanuni moja: mkono hung'arisha, maji hula. Panaposhikwa kila siku panang'aa: mtambo unaovutwa kwa dole gumba, chuma kinacholinda kidole, na sehemu ya mtutu ambapo mkono wa kushoto hukaa. Pasiposhikwa, na hasa penye maungio ambamo maji hujificha, hapo ndipo mahali pa kutu.

Hatua ya nne ni kutu yenyewe. Nilizimua rangi ya kahawia kwa maji mengi nikaiacha itiririke ndani ya maungio, kisha nikagusagusa rangi ya machungwa kwa kipande cha sifongo, kidogo sana. Ili kutu iwe na ukwaru nilinyunyiza mdalasini wa unga juu ya gundi mbichi. Kwa siku tatu chumba changu kilinukia kama jikoni kwa bibi. Kutu nzito niliiweka kuzunguka kifa. Sababu yake ni baruti nyeusi, ambayo sehemu yake kubwa ni shura, na iliyobaki ni mkaa na salfa. Masizi yake huvuta unyevu hewani na hula chuma haraka yasiposafishwa. Gobore lililopigwa miaka 40 katika joto na unyevu wa bonde la Rufiji lingeliwa hapo kabla ya mahali pengine popote. Juu ya kutu nikapaka weusi wa moshi.

Hatua ya tano ni kitako. Nilikitia rangi kwa chai ya rangi iliyokolea, nikakipaka mafuta penye shavu na penye kiganja. Gobore moja nililivunja makusudi shingoni, nikalifunga kwa utepe wa ngozi mbichi na waya wa shaba. Bunduki iliyovunjika kitako haikutupwa. Ilifungwa na kuendelea na kazi. Waya ule niliuacha unameta kiasi, kwa kuwa matengenezo huwa mapya kuliko kitu kilichotengenezwa.

Mwisho ni vanishi isiyong'aa, ili rangi isibaki mikononi mwa waigizaji.

Bunduki mbili za askari nilizifanya kinyume. Rangi ya chuma cheusi chenye ubuluu kwa mbali, kingo zilizosuguka kidogo tu, kitasa cha nyuma kinang'aa kwa kufunguliwa mara nyingi, na kutu hakuna kabisa. Hizo zilikaguliwa na maofisa na zilitiwa mafuta. Na vyembe vya mikuki nilivifanya vyeusi vya moto wa mhunzi, isipokuwa makali yaliyonolewa juu ya jiwe. Zilipolazwa pamoja mezani, vita nzima ilionekana kabla mwigizaji hajafungua kinywa.

Pingamizi la mwalimu

Mmoja wa walimu wetu alikuja kutazama, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Angalia usije ukawafanya wazee wetu waonekane maskini na washamba." Pingamizi hilo ni zito, na nililifikiria kwa siku nyingi. Tunaishi katika nchi ambamo watu wamezoea kuiona Afrika ikiwa imechakaa. Je, mimi naongeza picha moja zaidi?

Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza, uchakavu wa gobore una historia, na sehemu ya historia hiyo ilitiwa sahihi Brussels. Ukilifanya gobore ling'ae kama Mauser unaifuta tofauti iliyowekwa kwa makusudi, na mtazamaji ataondoka akidhani pande mbili zilikuwa sawa ila upande mmoja haukujua kupigana.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonigusa zaidi. Kila tamthilia hii inapoigizwa mbele ya wanafunzi, yupo mtu anayeuliza: waliwezaje kuamini kwamba maji yatazuia risasi? Mara nyingi swali hili huulizwa kana kwamba watu wale hawakuwahi kuiona bunduki. Kutu ya gobore inakataa. Watu wa kusini walikuwa wakiishi na bunduki kwa vizazi viwili au vitatu. Waliwindia, walilindia mashamba, na wengine walitekwa kwa bunduki hizohizo. Walijua risasi inafanya nini katika mwili wa mnyama na wa binadamu. Walijua pia kwamba baruti ikinyeshewa haiwaki, na kwamba mara nyingine fataki hugongwa isilie.

Kwa hiyo maji hayakuwa ujinga wa mtu asiyeijua silaha. Gwassa, aliyewahoji wazee kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1960, aliyaeleza maji kama itikadi iliyowaunganisha watu waliokuwa hawana mfalme mmoja wala lugha moja. Makabila zaidi ya 20 yaliingia vitani. Wanahistoria wa baadaye wamehoji kiasi cha umoja huo, na kuonyesha kwamba kila eneo lilikuwa na ugomvi wake na sababu zake. Mjadala huo ni halali. Lakini pande zote mbili za mjadala zinaanza na watu wenye akili timamu waliopima hali yao: walikuwa na magobore, wakajua hayatoshi, wakatafuta kitu kingine cha kuwaongezea nguvu. Hussein, aliyeitoa tamthilia yake mwaka 1969, aliliweka swali hilohilo katikati ya jukwaa: neno la kuwaunganisha watu linaweza pia kuwaua?

Nilipomwambia mwalimu haya alitikisa kichwa kukubali, akasema, "Basi liandike." Ndiyo maana mnasoma makala haya.

Mpaka wa 1870

Jambo la mwisho ni la sheria, na msilipuuze. Mimi si mwanasheria, lakini kabla ya kuzitoa silaha zile chumbani nilisoma. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 inakataza kutengeneza au kuuza bunduki bandia ambayo mtu hawezi kuitofautisha na bunduki halisi ya kisasa. Maonyesho ya jukwaani na mazoezi yake yamepewa nafasi ya kujitetea. Na sheria inaposema "ya kisasa" inaacha nje miundo ya kabla ya mwaka 1870.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Gobore liko upande mmoja wa mpaka, na Mauser ya 1871 imezaliwa mwaka mmoja baada yake. Watunga sheria wa 2006 hawakuwa wakiifikiria Mahenge, lakini mstari wao unapita katikati ya meza yangu, kati ya silaha za wapiganaji na silaha za askari. Wataalamu wanaweza kubishana kuhusu muundo wa Mauser. Sisi hatukutaka ubishi. Zote tulizihesabu kuwa zana za maigizo, tukaziandikisha hivyo.

Lakini kuibeba bunduki bandia barabarani bila sababu ya maana ni kosa, iwe ya mwaka wowote. Tuliziviringisha kwa blanketi, tukazifungia ndani ya sanduku, tukawaarifu walinzi wa chuo kwa maandishi, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka na hata moja. Kijana mweusi anayetembea usiku akiwa na kitu chenye umbo la bunduki huenda asipewe nafasi ya kueleza kwamba ni plaiwudi na mdalasini. Kadiri rangi yako inavyofanikiwa, ndivyo hatari inavyoongezeka. Atakayerithi kazi yangu alishike hili kuliko hatua zote za brashi.

Usiku wa onyesho niliona badiliko ambalo sikulitarajia. Kijana aliyekuwa akiirusha bunduki ya fedha hewani kama katika sinema, alipopewa gobore lililofungwa kwa ngozi aliliweka begani taratibu, kama mkulima anavyoweka jembe. Hakuna aliyemwelekeza. Mama wa Kilwa alikuwa safu ya mbele. Baada ya onyesho alikuja nyuma ya jukwaa, akalichukua gobore lilelile, akapitisha kidole penye kifa, akanusa.

"La babu halikunukia mdalasini," akasema. Kisha akacheka, akalirudisha mezani kwa mikono miwili.